Kila Serikali Ilipogusa Kikombe, Mtaa Ulitoa Jina

Majina ya mitaani ambayo Waingereza wamevipa vinywaji vyao husambazwa mara nyingi kama vichekesho. Chai ni "Rosie Lee", bia ni "pig's ear", yaani sikio la nguruwe, na jin ni "mother's ruin", yaani maangamizi ya mama. Mtu anasoma, anacheka, anapita. Nadhani tunapoteza kitu kikubwa tukiyasoma hivyo. Yapange majina hayo kwa miaka yaliyozaliwa na utaona kwamba mengi ya yale yenye uzito hayakutungwa na watu waliojikalia wakistarehe. Yalitungwa pale mwenye mamlaka aliponyoosha mkono kwenye kikombe cha mtu wa chini, akakitoza kodi, akakitia maji, akakipiga marufuku au akakiondoa kabisa. Misimu ya vinywaji vya Uingereza, yaani majina hayo ya mitaani, ni kumbukumbu ya ugomvi huo, na waliotutunzia ni watu ambao hawakuwa na kura wala kalamu ya kumwandikia mbunge.

Mfano ulio wazi kabisa ni "grog". Edward Vernon alikuwa admirali wa kikosi cha Uingereza katika Karibi. Mwaka 1739 aliiteka Portobelo, bandari ya Wahispania huko Panama, kwa meli sita, akarudi kwenye vinywa vya watu kama shujaa. Lawrence Washington, kaka wa George Washington kwa baba, alipigana chini yake na akaliita shamba lake Mount Vernon. Mabaharia wa Vernon walimwita "Old Grog", kwa sababu ya koti lake la grogramu, kitambaa kizito ambacho jina lake lilitoka kwenye Kifaransa "gros grain". Tarehe 21 Agosti 1740 Vernon alitoa amri. Mpaka siku hiyo kila baharia alipewa nusu painti ya ramu kwa siku, kavu kabisa, na wengi waliigugumia kwa mkupuo mmoja. Vernon akaagiza kila nusu painti ichanganywe na painti mbili za maji mbele ya ofisa wa zamu, kisha igawiwe mara mbili kwa siku.

Kwetu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mnywaji aliyechoka kupunjwa anaweza kuhamia kwa mgema mwingine. Melini hapakuwa na mgema mwingine. Kupinga amri ilikuwa njia ya kufikia kiboko, au kamba ya shingoni. Basi mabaharia walifanya lile lililobaki mikononi mwao: kinywaji kilichochujuka wakakipa jina la aliyekichujua. Kuanzia hapo, kila aliyenyoosha kopo lake apimiwe grog alikuwa anamtaja admirali na koti lake. Kiingereza cha leo kina neno "groggy" kwa mtu anayepepesuka kwa uchovu au kwa ngumi, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba wanamtaja Vernon.

Posho hiyo ya ramu iliishi zaidi ya miaka mia mbili baada yake, na ilizaa msamiati wa uchumi mzima. Toti ya ramu ilikuwa sarafu ya chini ya sitaha. Baharia aliyesaidiwa zamu alilipa kwa "sippers", yaani alimruhusu mwenzake aonje tu kwenye toti yake. Fadhila kubwa zaidi ililipwa kwa "gulpers", funda moja zima. Deni zito kabisa lilikuwa "sandy bottoms": unakabidhi toti yote na mwenzako anaikausha. Maofisa wadogo waliopewa ramu isiyotiwa maji waliita yao "neaters", na neno hilo peke yake lilitosha kumwonyesha kila mtu nani yuko juu ya nani. Tarehe 28 Januari 1970 Bunge la Uingereza lilijadili kuifuta posho hiyo, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo toti ya mwisho ikagawiwa. Mabaharia walivaa vitambaa vyeusi mkononi, wakafanya mazishi ya toti, jeneza na kila kitu. Siku hiyo inaitwa "Black Tot Day" mpaka leo. Sababu za serikali zilikuwa nzuri. Meli za kivita zilikuwa zimejaa mitambo ambayo haifai kuguswa na mtu aliyekunywa pombe ya asilimia zaidi ya 50 saa sita mchana. Hata hivyo watu walizika, kwa sababu walijua kinachoondoka ni haki yao ya zamani zaidi.

Mazishi hayo yalikuwa na mtangulizi wake London mwaka 1736, na hapo ndipo penye kisa kinachonigusa zaidi: kisa cha jin.

Neno lenyewe ni la Kiholanzi, "jenever", lililotokana na jina la Kifaransa la mti ambao tunda lake huipa jin harufu yake. Mti huo ni wa jamii moja na mtarakwa wetu wa milimani. Waingereza walisikia kama "Geneva", na wapo waliodhani ni kitu cha mji wa Uswisi, ingawa mji huo hauhusiki hata kidogo. Baadaye ulimi wa mtaani ukalikata neno likabaki silabi moja. Mwaka 1688 William wa Orange, mtawala Mholanzi, alitua Uingereza na mwaka uliofuata akawa mfalme. Nchi ikaingia vitani na Ufaransa, brandi ya Kifaransa ikapigwa marufuku, na mwaka 1690 Bunge likapitisha sheria ya kuhimiza utengenezaji wa pombe kali kutokana na nafaka ya nyumbani. Wenye mashamba, ambao ndio waliojaa bungeni, walipata soko la nafaka yao. Hazina ilipata kodi ya vita. Maskini wa London walipata kinywaji kikali cha bei ya chini kuliko walichowahi kukijua, kikiuzwa madukani, kwenye mikokoteni, kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kwa wachuuzi wa kutembeza.

Tuushike vizuri mfuatano huo. Waliowasha moto ni wabunge. Ndio waliofungua milango, ndio waliovuna, na miaka arobaini baadaye ndio walioanza kulalamikia moshi.

Mwaka 1729 walijaribu kwa mara ya kwanza kuuzima. Sheria ililenga pombe iliyotiwa viungo na matunda ya ule mti. Watengenezaji wakaondoa viungo, wakauza pombe tupu isiyo na ladha ya kuificha, na sheria ikawa haiwagusi tena. Wanywaji waliipa pombe hiyo jina ambalo mimi naliona bora kuliko yote katika historia ya misimu ya Kiingereza: "Parliamentary brandy", brandi ya Bunge. Maneno mawili yanaeleza sheria, kasoro yake na matokeo yake. Wabunge walitaka watu waache kunywa jin, wakawapa kitu kibaya zaidi, na mtaa ukahakikisha mtengenezaji halisi anatajwa kwenye kila oda.

Sheria ya 1736 ilikuwa nzito zaidi. Muuzaji wa rejareja alitakiwa alipe leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambazo mchuuzi wa London hangeweza kuzikusanya hata angeuza kila alichonacho, na kodi ikawa shilingi 20 kwa galoni. Kabla haijaanza kutumika, watu walifanya mazishi ya kuigiza ya "Madam Geneva", mabango ya maduka yakafunikwa vitambaa vyeusi. Leseni walizichukua wachache mno. Wengine waliendelea kuuza kwa kificho. Mtu mmoja aitwaye Dudley Bradstreet alikodi nyumba, akatundika dirishani sanamu ya paka, akapitisha bomba la risasi chini ya ukucha wake. Mnunuzi alitia fedha mdomoni mwa paka na kumnong'oneza anataka jin ya peni ngapi, na ndani Bradstreet akamimina. Sheria haikuwapa askari ruhusa ya kuvunja mlango bila kumjua mwenye nyumba, na paka hakuwa na jina. Wachongezi waliahidiwa pauni 5 kwa kila aliyetiwa hatiani, na umati uliwapiga barabarani, baadhi yao mpaka kufa. Mwaka 1743 Bunge likaifuta sheria yake lenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Wengi wa wale wauzaji wadogo walikuwa wanawake. Mama pima wa London alikuwa mjane, mtumishi aliyefukuzwa, mke wa askari asiyerudi. Vyama vya mafundi havikumpokea, duka hakuwa na mtaji wa kulifungua, na galoni moja ya jin na vikombe viwili vilikuwa biashara ambayo angeweza kuianza asubuhi na jioni akalisha watoto. Ndiye aliyekamatwa kwa urahisi kwa sababu hakuwa na paka wa kujificha nyuma yake. Majina ya wakati huo yanalijua jambo hilo kwa namna iliyopinda: jin ilikuwa "Madam Geneva", ilikuwa "Mother Gin", bibi au mama, haikuwa bwana. Mwaka 1734 mwanamke aitwaye Judith Defour alimnyonga mwanawe wa miaka miwili ili auze nguo alizopewa mtoto huyo, na fedha akanunulia jin. Alitundikwa. Kisa chake kilihubiriwa na kuchapishwa mpaka kikawa sura ya janga zima. Mwaka 1751 William Hogarth alichora "Gin Lane", na katikati ya picha yake, iliyo maarufu kuliko hotuba yoyote ya bungeni ya wakati huo, amekaa mama mlevi ambaye mtoto wake anamponyoka mikononi na kuanguka kichwa chini.

Picha ile ina nguvu na huzuni yake ni ya kweli. Watoto walikufa. Sitaki kupunguza neno hata moja hapo. Lakini angalia kilichotokea kwa majina. "Parliamentary brandy", jina lililotoka mtaani na kuelekeza kidole juu, limekufa. Leo unalikuta kwenye vitabu vya wanahistoria tu. Mbunge aliyeuza nafaka yake kwa watengenezaji hakuachiwa jina lolote la kejeli likamfuata kaburini. Jina lililoshinda, linaloandikwa hata kwenye mabango ya baa za kisasa zenye viti vya ngozi, ni "mother's ruin", jina lililokuja baadaye na linalobeba hukumu ileile ya mahubiri na michoro. Sheria ya 1690 imesahauliwa, mama amebaki. Mtu akiniambia misimu ni sauti ya wanyonge, nitamjibu kwamba ni kweli inapozaliwa, lakini wenye mimbari na mashine za uchapaji ndio wanaochagua ipi ikue.

Tabia hiyo haijaisha. Katika miaka yetu hii kuna bia ya asili ya Ubelgiji ambayo baa za Uingereza ziliibatiza "wife beater", mpiga mke, kwa sababu ya ukali wake. Watu waliiagiza hivyo kwa sauti kubwa, wanawake wakiwa wamesimama kando. Kwenye jin mwanamke alifanywa mkosaji, na kwenye bia hii amefanywa kichekesho. Katika yote mawili mwanamume aliyeinua mkono hayumo, chupa imempokea kosa lake. Naliona hilo kuwa baya kuliko matusi ya wazi, na nafurahi kwamba wahariri na wenye baa wengi wamelikataa.

Majina mengine ya zamani niyapitie haraka, kwa kuwa yanathibitisha jambo lilelile bila kuongeza mengi. Francis Grose, aliyekusanya kamusi ya lugha ya mitaani mwaka 1785, anaeleza kwamba brandi iliitwa "cold tea", chai baridi, jina la kumwezesha mtu kunywa hadharani akiwa na uso wa heshima. Brandi nyeupe ya magendo iliyopakuliwa usiku kwenye pwani za Kent na Sussex iliitwa "moonshine", mbalamwezi. Kodi ya forodha ndiyo iliyowafanya watu wafanye kazi usiku, na usiku ndio ulioipa brandi jina. "Booze" lenyewe, neno pana kuliko yote, lilitoka Uholanzi na lilikuwa tayari kwenye msamiati wa wezi na wazururaji uliochapishwa na Thomas Harman mwaka 1567. Ama misimu ya vina ya London Mashariki, "pig's ear" kwa sababu ya kina na "beer", "Rosie Lee" kwa sababu ya kina na "tea", hiyo ndiyo inayopendwa zaidi na wageni na ndiyo yenye kina kifupi zaidi. Ni mchezo wa sauti. Unapendeza, lakini hauna kisa nyuma yake zaidi ya ustadi wa wachuuzi wa sokoni waliotaka kusemezana bila kueleweka.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyorudisha kisa. Mwaka 1915 David Lloyd George, akiwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba Uingereza inapigana na Wajerumani, Waaustria na ulevi, na kwamba adui mkubwa kati ya hao ni ulevi. Saa za baa zikakatwa. Kumnunulia mwenzako kinywaji kukawa kosa la jinai katika maeneo mengi. Mfalme George wa Tano akaondoa pombe kwenye kasri lake. Mji wa Carlisle, uliokuwa karibu na viwanda vya baruti, ulishuhudia serikali ikinunua baa na viwanda vya bia na kuviendesha yenyewe, na iliendelea navyo mpaka miaka ya 1970. Ilipofika 1917, nafaka ikiwa adimu, bia ilifanywa nyepesi kwa amri. Wanywaji hawakuhangaika kutafuta jina: "Government ale", bia ya serikali, au kwa kifupi zaidi "Lloyd George's beer". Ni Vernon tena, miaka 177 baadaye, amri ileile na kisasi kilekile. Mapumziko ya lazima ya baa wakati wa mchana, yaliyoletwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, yalidumu Uingereza mpaka 1988.

Wakati huohuo askari waliokuwa Ufaransa walikuwa wanajaribu kutamka "vin blanc" na midomo isiyozoea Kifaransa. Kutoka huko, hasa kwa Waaustralia, likapatikana "plonk", neno ambalo leo Mwingereza analitumia kwa mvinyo wowote wa bei rahisi, mweupe au mwekundu.

Lakini kuna majina ambayo hayana uchungu wowote ndani yake, na haya ndiyo yaliyonithibitishia hoja yangu kuliko grog na jin. Ni majina ya wanywaji waliokuwa wenyewe ndio mamlaka. Maofisa wa Kiingereza India waliagiza "chota peg", kipimo kidogo cha wiski, kwa neno la Kihindi linalomaanisha kidogo. Askari walikunywa "char", yaani chai, neno lililosafiri kutoka China kwa barabara zilezile zilizolifikisha kwetu pwani. "Toddy" ilikuwa utomvu uliogemwa kwenye mti wa jamii ya mvumo, yaani tembo hasa, kama linavyojulikana na kila mtu wa Kilifi au Tanga. Likafika Uskoti likawa wiski na maji ya moto na sukari kwa ajili ya mafua. Na "champers" na "bubbly" ni majina ya kudekeza shampeni kwa watu ambao hakuna sheria iliyowahi kuwapangia waache kuinywa.

La mwisho katika kundi hilo ni "sundowner", kinywaji cha machweo, neno la walowezi na maofisa wa kikoloni wa Afrika. Kambi za watalii za Serengeti na Maasai Mara bado zinaliuza. Ni neno tulivu mno, lina jua na veranda. Halina sheria ndani yake, kwa sababu aliyekuwa amekaa kwenye veranda ndiye aliyekuwa mtunga sheria. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika alikatazwa pombe kali ya aina hiyohiyo iliyokuwa kwenye sinia alilobeba. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliyafunga makoloni ya Afrika kwenye masharti ya biashara ya pombe kali, na serikali za kikoloni ziliyatekeleza kwa rangi ya ngozi.

Matokeo yakawa yaleyale ya London. Kenya ikapata "Nubian gin", jin ya Wanubi, kwa jina la wazao wa askari wa Kisudani wa Kibera waliojua kuitonesha. Uganda ikapata waragi. Husimuliwa sana kwamba neno hilo ni "war gin", jin ya vita, lililokaa vibaya mdomoni. Mimi naona jibu liko karibu zaidi: Wasudani hao walikuja na "aragi" yao, neno la Kiarabu lililokwisha kuzunguka nusu ya dunia kabla ya Mwingereza kufika Kampala.

Baada ya uhuru serikali zetu zilifanya jambo ambalo Bunge la London halikulifanya. Zilichukua jina la mtaani zikaliandika kwenye vitabu vya sheria. Uganda ilitunga sheria ya Enguli ya 1965, iliyoamuru pombe ya vijijini ipelekwe kwa watengenezaji wenye leseni na kuifungulia njia waragi ya chupa. Tanzania ina sheria ya Moshi ya 1966, na kijana anayekamatwa na dumu la gongo leo hushtakiwa kwa kupatikana na "moshi". Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria yenye jina hilohilo mwaka 1980. Mlango wa kuokoa jina kwa kejeli ukawa umefungwa, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limekuwa kosa la jinai. Mtaa ukatafuta mengine. Gongo ikawa "machozi ya simba" na "supu ya mawe". Chang'aa ya Nairobi ikawa "kumi kumi", kwa bei ya shilingi kumi, na ikawa "kill me quick", niue upesi. Karne tatu kabla, ramu changa ya mashamba ya miwa ya Barbados iliitwa "kill-devil", muua shetani. Wanaokunywa pombe ambayo hakuna anayejali usalama wake hujua wanachokinywa, na hulisema kwenye jina. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, kumi kumi iliyotiwa sumu iliua zaidi ya watu 100.

Mwaka 2010 Kenya iliihalalisha chang'aa, kwa masharti ya leseni na chupa za kioo. Nia ilikuwa kuwalinda wanywaji, na ninaiheshimu. Ila mama pima wa Mathare mwenye ngoma moja na jiko la kuni hana kiwanda cha chupa, kama mama wa London hakuwa na pauni 50, na kwa hiyo yeye ndiye anayeendelea kukimbia msako huku kinywaji chake kikiwa halali kwenye karatasi.